Kovu Bila Kidonda

Hapa Kisangani mtu anaweza kukaa bila umeme, bila maji ya bomba na bila mshahara, na ukoo wake usikutane hata kwa kikombe cha chai. Lakini mwanamke akionekana na utosi ulio wazi, ukoo mzima unakutana Jumapili ileile baada ya ibada, na viti vinaazimwa kwa jirani. Najua, kwa sababu utosi ulikuwa wangu, na viti nilivirudisha mimi mwenyewe.

Ilianza kwa kuwaka. Si kule kuwasha kwa jasho au kwa chawa. Ulikuwa moto mdogo uliokaa mahali pamoja, katikati ya kichwa, na jua la mchana likinipata barabarani ulizidi. Nikadhani ni meshi, nywele za bandia za kusukia, zimenibana. Wanawake wa mji huu tukisukwa bila kuumia tunahisi tumeibiwa. Kichwa kisipovuta macho juu hatuamini kwamba kimesukwa.

Aliyeona kwanza ni msusi wangu, rafiki yangu tangu shule, mwenye mwavuli mkubwa kando ya soko la Makiso. Siku hiyo alikuwa ananifumua, mdomo wake ukienda pamoja na vidole kama kawaida, na ghafla vyote viwili vikasimama. Kwa mdomo wake, hilo lilikuwa jambo geni.

“Hapa iko wazi,” alisema, na kidole chake kikatulia utosini kwangu. “Iko laini sawa shavu ya mutoto. Hata tundu ya nywele haionekane.”

Kwetu mteja haachi nywele zake kwa msusi. Ukishasukwa au kufumuliwa unazikusanya zote, za kwenye kitana na zilizoanguka chini, unazifunga katika sachet, kifuko cha plastiki, na kwenda nazo nyumbani, maana nywele zako zikiangukia mkono mbaya, mwenye mkono huo amekushika wewe. Nimelelewa hivyo. Mimi niliyemaliza chuo kikuu, ninayeiandikia serikali ripoti kwa Kifaransa cha kuvaa tai, mpaka leo natoka sokoni na kifuko cha nywele mkobani. Basi rafiki yangu alinitazama usoni, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna siku nilisahau sachet yangu.

Nilisema hapana. Hakuamini, lakini hakukataa kunitibu. Alinipaka kitunguu saumu kilichopondwa, nikalia. Alinipaka mafuta meusi ya kokwa za mawese, mito ya kitanda ikawa myeusi. Mwishowe alileta mafuta ya chatu yaliyotoka Ubundu, na kwa muda wote niliokuwa nayapaka wenzangu ofisini walifungua madirisha bila kuniambia kwa nini. Duara utosini likaendelea kukua kwa utulivu wake. Nilipaswa kushtuka mapema, kwa kuwa huyo mtaalamu wa kuotesha nywele anavaa wigi mwaka mzima. Mganga hajigangi, nilijiambia, badala ya kumwuliza.

Mkuu wangu wa kazi naye aliniita. Kichwa chake hakijaona kitana tangu nimfahamu, na hilo lilimpa mamlaka.

“Madame, usihangaike bure,” alisema. “Ni akili njo inapanda juu, inasukuma nywele.”

Nikamwuliza kama hiyo akili inasukuma hata nywele za wanawake. Aliweka mikono tumboni, akasema kwamba kwa wanawake ni wasiwasi.

Ndipo nilipokwenda hospitali, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara. Mji wetu una daktari anayejua ngozi, mwanamume mpole anayeongea kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Hakuniuliza habari za sachet. Aliniuliza kama panawaka, kama panauma nikikandamiza, kama natokwa na maganda madogo kwenye mashina ya nywele. Akawasha taa yake ndogo yenye kioo cha kukuza, akatazama kwa muda mrefu pembeni ya duara, si katikati. Katikati, alisema, hapana tena cha kutazama.

“Mama, nywele inaangukaka kwa njia mbili,” aliniambia. “Ya kwanza, nywele inaenda lakini tundu yake inabaki. Ile itarudi. Ya pili, mwili wenyewe unashambulia tundu, unaichoma, kisha unaiziba na kovu. Pale hakuna tena mulango ya kutokea.”

“Na mimi ni ya njia gani?”

“Ya pili. Minaona hivyo, lakini lazima tuhakikishe.”

“Itarudi lini?”

Alizima taa kwanza. “Pale penye kung’aa, haitarudi. Sitakudanganya. Tunatibu ile ya pembeni, ile ingali inaishi. Tukichelewa, na yenyewe itaenda.”

Nilimchukia papo hapo, na papo hapo nikamwamini. Tangu rafiki yangu wa sokoni hadi mkuu wangu, kila mtu alikuwa ameniahidi nywele. Huyu alikuwa wa kwanza kuniahidi kwamba sitazipata, na ndiye pekee aliyejua anachosema. Maradhi hayo si ya watu wengi, alisema, na kwa kuwa hayaui, wagonjwa hupotezewa wakati mpaka kichwa kinaisha. Akapima duara kwa rula ya plastiki, akalipiga picha. Kisha akaeleza kwamba itabidi akate kipande cha ngozi kama punje ya mchele, pale ukingoni, akitie katika chupa na kukituma Kinshasa kwa wale wanaotazama kwa darubini. Nilipokuwa nafunga kitambaa akaongeza jambo: mara nyingine maradhi haya hutembea katika damu. Kama kuna ndugu anayewaka utosini, aje kabla hajaanza kung’aa.

Nikakosea kwa kuyasema yote hayo nyumbani.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu tulipofika hapa kutoka Maniema. Ni mwanamke anayempenda mtu kama anavyotwanga majani ya pondu, kwa nguvu na mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyeitisha baraza. Alikaa katikati, kulia kwake tonton, mdogo wa baba, mfanyabiashara anayekwenda Kinshasa na kurudi, na pande zote wanawake wa ukoo wakiwa na nyuso za msiba ambao bado haujatangazwa.

“Kovu inatokaka kwa kidonda,” alianza tonton. “Kidonda iko wapi?”

“Hakuna kidonda, tonton. Ni mwili wenyewe unajishambulia.”

“Donc ulijipiga.”

“Hapana.”

“Alors nani alikupiga?”

Nilieleza tena, kwa Kiswahili, kwa Lingala, na mwishowe kwa Kifaransa, nikitumaini kwamba neno refu litaheshimiwa. Lilizidisha hofu tu. Nilipofika kwenye habari ya damu, shangazi aliinua mkono.

“Huyo docteur anasema ukoo yetu iko na laana?”

“Anasema tu dada zangu wajichunguze, shangazi.”

Wanawake wote chumbani wakagusa vitambaa na misuko yao, kisha wakashusha mikono haraka. Hakuna aliyejichunguza. Walinichunguza mimi.

Lakini kilichowashtua hasa ni ile punje ya mchele. Ukoo ambao hauachi hata unywele mmoja sokoni ulikuwa unaombwa kupeleka Kinshasa, kwa watu wasiojulikana, ngozi ya kichwa na nywele zikiwa bado zimesimama juu yake. Tonton, aliyewahi kuwa na kesi ya ardhi, alipata mfano mara moja.

“Mutu akiiba nywele yako, ameiba majani,” alisema. “Hii ni kumupatia kiwanja, na karatasi yake ya titre juu.”

Waliomba, walijadili, walikula. Jioni ikaamuliwa kwamba kipande kinaweza kusafiri, mradi kisiguswe na mkono usio wa damu yetu. Tonton alikuwa na safari ya kufuata bidhaa; angekibeba mfukoni na kukikabidhi mwenyewe. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu. Hawakusema kama pana daktari.

Kukatwa kwenyewe hakukuwa kitu, sindano ya ganzi na nyuzi mbili. Daktari akanipa kichupa chenye maji maangavu na kipande kikielea ndani, akasema kisifunguliwe kwa sababu yoyote. Nikampelekea tonton, aliyekuwa amelala kwa shangazi ili awe karibu na mzigo wake. Ndege yake ikaahirishwa, kama ndege za huku zinavyopenda, na kichupa kikakaa kwa shangazi, juu ya kabati, kando ya Biblia.

Kisha kilisafiri, nami nikangoja. Duara liliwaka kila siku. Nilijizuia kuligusa, nikaligusa.

Daktari aliponiita, sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Wenzake wa Kinshasa walikuwa wamefungua kichupa na kukifunga tena kwa haraka. Kipande kilikuwa kimeoza. Aliniuliza kama kuna mtu aliyekifungua njiani, nami nikamwapia kwamba kilibebwa na baba yangu mdogo mwenyewe, katika mfuko wa shati, juu ya moyo.

Nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta jikoni, hana wasiwasi wowote.

“Niliifungua juu ya kuiombea,” alisema. “Ile harufu, mama. Ile ni maji ya morgue. Minaijua. Nilikaa nayo pembeni ya bwana yangu mpaka tukamuzika. Unaweza kuweka mutu mwenye anaishi ndani ya maji ya maiti? Ni kuita kifo.”

“Ukafanya nini, shangazi?”

“Nilimwaga. Nikaosha chupa muzuri. Nikatia maji ya kuombewa, nikafunga na kitambaa nyeupe. Tonton hata hajue.”

Alisema hivyo akinitazama kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Nilimweleza kwamba yale maji yenye harufu ndiyo yanayozuia nyama isioze, na kwamba kwa ajili hiyohiyo yanatumika kule alikokaa na mume wake. Akafikiri, akasema maji ya kuombewa yangezuia vilevile kama ningekuwa na imani.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Neno la kumwambia lilifika ulimini, lile la kwamba amenila, na nikalimeza kwa nguvu, maana kwetu ukimwambia mzee kwamba amekula kitu cha mwili wako, umemwita mchawi, na neno hilo halifutiki hata mkiwa marafiki tena. Nikatoka bila kuaga. Nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi nyumbani, mkono mmoja umeshika kitambaa kisipeperuke na mwingine umeshika kiti cha baiskeli, nikilia hadharani nyuma ya mgongo wa mtu nisiyemjua. Aliendesha polepole, akidhani nimefiwa. Sikumsahihisha.

Hospitali daktari alipima tena, akaweka picha mbili pamoja mezani. Ya kwanza na ya sasa. Kati ya ukingo wa zamani na ukingo mpya palikuwa na utepe wa ngozi inayong’aa, upana wa kidole kidogo. Nilitazama utepe ule kwa muda mrefu. Nywele zilizokuwa pale zilikuwa hai siku ya baraza, zikisikiliza tonton akieleza habari za kiwanja. Sasa maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na hapakuwa na maombi ya kuyazoa.

Kipande cha pili daktari alikituma mwenyewe kwa mkono wa mwenzake, na ukoo haukuambiwa. Jibu lilirudi safi: lichen, ugonjwa wa ngozi unaokaa kwenye matundu ya nywele na kuyaziba kwa kovu. Tukaanza. Nilichomwa sindano ndogondogo kuzunguka ukingo, na zinauma, asikudanganye mtu. Nilipewa pomada ya kupaka, na vidonge vya jamaa moja na klorokwini ya malaria, baada ya macho yangu kupimwa kwanza, kwa kuwa dawa hiyo ikizoea mwili inaweza kuyaonea wivu macho na kuyadhuru. Nikaambiwa nisisukwe kwa kuvuta, nisipake kitu kinachochoma, na chatu abaki Ubundu.

Ofisini waliona jina la dawa na wakatoa uchunguzi wao: madame ana malaria ya nywele. Waliniuliza kama inaambukizwa na mbu yuleyule. Mkuu wangu alifunga mlango, akataka kujua kama zile sindano zingeweza kumsaidia na yeye. Nikamwambia haziwezi, kwa kuwa kwake ni akili. Alikubali kwa uchungu. Msusi wangu alisononeka kuliko wote. Alisema daktari yule anaua kazi za watu, kisha akaniletea kitambaa kizuri cha kufunga kichwani, na hakunidai kitu.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Moto ukapungua, ukawa joto, halafu siku moja nikagundua kwamba sijaufikiria tangu asubuhi. Daktari akapima kwa rula yake ileile, akalinganisha picha, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

“Imesimama,” alisema.

Nilitoka nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Hasira yangu na shangazi ilikuwa imechoka yenyewe, nikampigia simu, nikamwambia docteur anasema maradhi yamesimama. Kwa shangazi, maradhi yaliyosimama ni maradhi yaliyofukuzwa, na utosi uliofukuziwa maradhi ni utosi wenye nywele. Kabla sijamaliza sentensi ya pili alikuwa amekwisha kuanza kuimba. Jumamosi ile viti viliazimwa tena.

Palikuwa na wali, palikuwa na samaki wa wavuvi Wagenia kwenye majani, palikuwa na mama wa kikundi cha maombi aliyevaa nyeupe tupu, mwenye maji yale ya kuombewa. Walisifu. Tonton alitoa ushuhuda mrefu kuhusu safari ya Kinshasa, jinsi alivyohisi joto la ajabu mfukoni mwa shati. Nilijua joto lile lilikuwa la nini, nikamwachia ushuhuda wake. Kisha shangazi akasimama na uso unaong’aa kwa upendo.

“Toa kitambaa, mama,” alisema. “Batu baone.”

Nikatoa.

Mama wa maombi alikuwa amefungua mdomo kwa ajili ya wimbo, akaufunga. Mtu mmoja alikohoa.

“Bon,” alisema tonton hatimaye. “Na nywele?”

“Iko vilevile,” nilisema. “Haikupanuka. Hiyo njo matibabu, tonton. Ile ya katikati haitarudi. Ile ya pembeni imebaki.”

Walinisogelea mmojammoja, wakatazama, wakarudi kukaa. Wengine walinipa pole, hapohapo katika sherehe yangu ya shukrani. Wimbo ukaanza kwa sauti ndogo, ule wa kuvumilia. Sijawahi kuona samaki wakiliwa kwa huzuni namna ile, ingawa waliliwa wote. Katika chumba kizima mwenye furaha alikuwa mmoja, naye ndiye mwenye kipara. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wangu ulikuwa kwamba hakuna kilichobadilika. Ningewaelezaje watu waliokuja kuona muujiza?

Shangazi alinifuata uani, nilipokwenda kupumua.

“Sasa tunashukuru juu ya nini?” aliniuliza, bila ubaya. Alikuwa amechoka na alikuwa anataka kuelewa kweli.

“Juu ya ile iliyobaki, shangazi.”

Binti yake wa mwisho, mwanafunzi wa chuo, alikuwa pale akisuuza sahani, meshi zake ndefu zimefungwa nyuma na kitambaa chekundu. Aliendelea kusuuza sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Yaya,” aliniambia bila kugeuka, kwani dada mkubwa kwetu ni yaya, “ile ya kuwaka, kwako ilianzaka wapi?”

Nilimwonyesha kwenye kichwa changu. Akaweka sahani chini.

“Na mimi njo pale,” alisema. “Tangu kabla ya baraza. Banasema ni laana, nikaogopa kusema.”

Nilimkalisha kwenye beseni lililogeuzwa, nikafungua kitambaa, nikaanza kutenga meshi kwa vidole mpaka nikafika utosini. Ngozi ilikuwa nyekundu kuzunguka mashina, na maganda madogo meupe, yaleyale aliyokuwa anayatafuta daktari kwa taa yake. Nilitafuta mng’ao. Nilitafuta tena, polepole, nikiogopa vidole vyangu. Haukuwepo. Nywele zilikuwepo zote.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu. Alitazama kichwa cha mwanawe, kisha akatazama changu, ambacho nilikuwa nimesahau kukifunika, na akakitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ndani walikuwa wanamwita aje kufunga kwa sala. Hakugeuka.

“Docteur yako,” aliniuliza, “anafikaka saa ngapi?”

“Jumatatu, saa mbili.”

“Tutakuwa pale saa moja,” alisema.